Vitambaa Vyekundu vya Mlimani

Jumanne, 3 Juni

Kikao cha wastaafu kwa Kaka. Jumamosi tunapanda mlima. Nesi akauliza, safari hii tusichukue mwongozaji? Fundi cherehani akamcheka: wa kulipwa wa nini, na wa bure tunaye! Kaka akatabasamu. Unafuu ndiyo sera yetu — basi la kawaida, kulala kwenye darasa tupu, mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani. Na sheria ya Kaka: ulichopanda nacho, shuka nacho. Hata ganda la yai.

Mlango wa choo chao umefungwa kitambaa chekundu kwenye kitasa. Nikamtania wifi, siku hizi mapambo mpaka chooni? Hakucheka.

Alhamisi, 5 Juni

Wifi kaja mwenyewe. Hakutaka hata kukaa. Kile kitambaa ni cha kaka yako, akasema. Bila hicho anaingia stoo.

Sasa mbona unamwacha aende?

"Wewe ungemzuiaje, wifi? Huo mlima ndio unaomwamsha asubuhi." Na mlangoni: nisiwaambie wenzangu. Atakufa kwa aibu.

Nijieleze mwenyewe, maana ualimu haustaafu. Kusahau kwa namna hii hakuanzi na mambo ya zamani. Ya zamani ni msingi wa nyumba. Ya jana ni paa, ndiyo huezuliwa kwanza. Kaka anaujua mlima ule tangu ujana wake. Basi tuko salama?

Hapana. Mvua za mwaka jana ziliporomosha ubavu mzima. Njia ya zamani, ya kulia, sasa inaishia hewani. Ya kushoto inazunguka. Na hiyo ya kushoto, kwa Kaka, ni ya jana.

Nimechana kitambaa changu cha meza, chekundu, vipande vipande.

Ijumaa, 6 Juni

Darasani. Baridi. Nesi anakoroma kama trekta. Jioni Kaka aliniita kwa jina la marehemu dada yetu. Nikaitika.

Jumamosi, 7 Juni

Tumefika kibandani, juu. Naandika wenzangu wakimenya mayai.

Kwenye njia panda Kaka alisimama, akageukia kulia. Nikalalamika kiatu kinanibana, nikaenda kukaa kwenye jiwe la kushoto. Wakanifuata huko kunipa pole, safari ikaendelea kwa huko huko. Ndivyo mdogo anavyomsahihisha mkubwa! Kutoka pale ni nyasi na vichaka tu, njia haionekani. Nikabaki nyuma, nikifunga vitambaa vichakani.

Fundi akanibamba. "Mwalimu, unaishonea miti sare?"

Nikamwambia kila darasa lina sare yake. Akacheka mpaka akakohoa.

Ukungu unapanda. Kaka katoka kujisaidia.

Baadaye

Alikawia. Nesi alitaka kumfuata, nikamzuia: mtu mzima huyo, mwache na haja zake. Nilikuwa naitetea heshima yake. Heshima!

Kaja akipiga mluzi, suruali imelowa umande hadi magotini. Akanijia mimi moja kwa moja. Mkononi vitambaa vyangu, vyote, amevikunja vizuri kimoja juu ya kingine.

"Ona watu wasivyo na adabu. Wameuchafua mlima wote, mpaka kule njia panda."

Akaniwekea kiganjani. Amefurahi kama mtoto aliyefaulu.

Fundi ametazama vitambaa, akanitazama mimi. Hana utani tena.

Nje sioni hata kichaka cha kwanza. Kaka amevaa begi. Tutashuka kwa njia yetu ya siku zote, anasema, anaijua hata akifumba macho. Nikamwambia tungoje ukungu ufunguke. Akasema ukungu ni wa wageni. Nesi akaninong'oneza: "Mwalimu, sema. Wewe ndiye ndugu yake."

Nikasema naomba dakika, niandike kidogo. Mkubwa hangojeshwi, lakini alikubali, akasimama mlangoni. Ndiyo maana naandika. Nikiacha kalamu, tunaondoka.

Hayuko mlangoni.

Nasikia buti zake kwenye kokoto. Upande wa njia ya zamani. Fundi katoka, anaita "Mzee! Mzee, rudi!" — Kaka hamjibu. Anamwita mtu mmoja tu, kwa upole, kama zamani alipokuwa akitutangulia kuvuka mto.

Anamwita marehemu dada. Na jana niliitika.