Siku Timu Nzima Ilipofunga Mdomo

Nebraska, Jumatatu asubuhi

Mama mpenzi,

Kabla ya neno lolote naomba baraka zako, kama ulivyotulea. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na baba ameacha kugombana na Don Fello kuhusu ule ua wa mpakani. Mimi sijambo. Vidole vyangu viwili vimevimba, lakini mdakaji wa besiboli asiyevimba vidole bado hajaanza kazi, na kalamu vinaishika. Mireya dada yangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Soma yote, usiruke aya unazoziona ndefu, na usiongeze chumvi yako.

Mama, hii ni barua ya furaha, kwa hiyo usianze kutafuta leso. Ila ili uione furaha yenyewe inabidi nianzie kwenye uchungu. Ijumaa kocha wetu, bwana Stroud, aliniita ofisini kwake pamoja na Oswaldo Querales ili atafsiri. Oswaldo ni Mvenezuela wa Cabimas, anacheza katikati ya uwanja, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini ndicho tulichonacho. Kocha alizungumza kwa muda mrefu. Oswaldo akakuna kisogo, akatazama dari, kisha akaniambia, "Ndugu yangu Eligio, amesema mengi na ya heshima, lakini kwa kifupi unarudi kwenu." Mdakaji wa kwanza alikuwa amevunjika kidole gumba. Ningecheza mechi ya Jumapili kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na Jumatatu, yaani leo, mbadala wangu angeshuka kwenye basi na mimi ningepanda lilelile.

Wala sikuonewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kocha alisema mkono wangu ni mzuri na gongo langu linaridhisha, ila warushaji hawawezi kuzungumza nami, na mdakaji asiyeweza kuzungumza na mrushaji wake ni mlango usio na komeo. Aliyenishtaki ni Lyle Brandvold, mrushaji wetu bora, mtoto wa wakulima wa ngano wa Dakota. Ni mrefu kama nguzo ya umeme na ana nywele za rangi ya kutu. Alikuwa na haki yake. Unajua sisi kwetu mtu mzima akikueleza jambo usilolielewa, humkodolei macho kama samaki. Unatabasamu na kumwitikia ili asifedheheke. Basi tangu nifike hapa kila nililoambiwa nilijibu 'yes'. Nikiulizwa kama nimekula, 'yes'. Nikiulizwa kama nina njaa, 'yes' vilevile. Siku moja Brandvold alinieleza, kwa kirefu na kwa mikono, kwamba yule mpigaji mnene wa wapinzani asitupiwe kamwe mpira wa kasi. Nikamwambia 'yes' kwa moyo mkunjufu, kisha nikakaa nyuma ya mpigaji na kuonyesha kidole kimoja, ambacho hapa na kwetu ni mpira wa kasi. Aliurusha akiamini kwamba nimemwona mpigaji yule ana udhaifu fulani. Mpira ulivuka ukuta ukaenda kutua kwenye maegesho ya magari. Tangu siku hiyo akinipita alitazama ukutani.

Basi Jumapili nikavaa vifaa vyangu kama mtu anayejivika sanda. Brandvold ndiye aliyekuwa na zamu ya kurusha. Alipoambiwa kwamba mdakaji wake ni mimi, alimuuliza kocha kwa sauti ambayo hata asiyejua Kiingereza angeielewa. Mwanzoni alikataa kila ishara niliyompa. Nikionyesha kimoja, anatikisa kichwa. Nikionyesha viwili, anatikisa kichwa. Alirusha alichotaka mwenyewe, nami nikadaka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nadaka, mama, na mkono haudanganywi. Nikaona kwamba ule mpira wake wa kupinda siku ile ulikuwa ukianguka mbele ya mpigaji kama kitu kilichosukumwa kutoka mezani, naye mwenyewe hajui. Akaja mpigaji wao hodari. Nikaonyesha vidole viwili, yaani mpira wa kupinda, akakataa. Nikaonyesha viwili tena, akakataa. Nikaonyesha viwili mara ya tatu, nikavibana kwenye paja langu mpaka vikawa vyeupe, nikamtazama kama wewe unavyomtazama baba akisema anatoka kidogo tu. Akarusha. Mpigaji akazungusha gongo akapiga upepo, akakaribia kuanguka. Kuanzia hapo Brandvold alianza kukubali kwa kichwa, tukaenda sawa kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja.

Tulipofika zamu ya sita kati ya tisa nikagundua kwamba wapinzani hawajapiga hata mpira mmoja wa maana. Hapo ndipo mwiko unapoingia. Baba atakueleza, kwa maana hata uwanjani kwetu Nizao tunaushika: mrushaji akiwa kwenye njia ya kumaliza mechi bila kupigwa hata mpira mmoja wa maana, hakuna anayesema naye wala kukaa karibu naye, na lile jambo lenyewe halitajwi. Ukilitaja tu, mpira unaofuata unapigwa. Wamarekani nao wanauogopa vilevile, tena pengine kutushinda. Ghafla kibanda chetu cha wachezaji, ambacho tangu Aprili kilikuwa na kelele za lugha nisiyoijua, kikawa kimya kama maji mtungini. Waliokuwa wakinicheka walitazama viatu vyao. Yule mpiga soga wetu wa Texas alijitia taulo mdomoni. Ukimtaka mwenzako apishe, unamgusa bega. Ukitaka maji, unaonyesha kikombe. Mama, nilikaa pale nikacheka moyoni. Timu nzima ilikuwa imehamia nchini kwangu, nami ndiye niliyekuwa mwenyeji wao. Niliyajua mambo yote ya huko. Nilijua namna ya kuuliza kwa nyusi na kujibu kwa kidevu. Wakaanza kunitazama mimi ili wajue la kufanya, nami nikawaelekeza mmoja mmoja pa kusimama.

Ikaja zamu ya tisa, ya mwisho. Sisi tulikuwa na alama moja na wao hawana kitu. Wawili wao wakatolewa upesi, akabaki mmoja wa kutolewa ili mechi iishe. Hapo Brandvold akashikwa na kiwewe. Mpira ukaanza kwenda anakotaka shetani. Akawapa wawili njia ya bure ya kwenda kituoni bila kupiga, mmoja baada ya mwingine, na aliyekuja kusimama na gongo alikuwa yuleyule mnene wa kwenye maegesho. Nilimwona Brandvold akifuta mkono kwenye suruali, anafuta na kufuta. Alihitaji mtu wa kusema naye. Nikamtazama kocha Stroud. Akatazama juu kama anayetafuta mvua. Nikawatazama wenzangu, kila mmoja alipata kazi ya kufanya na kamba za viatu. Hakuna aliyethubutu kwenda kufungua mdomo.

Nikasimama nikaenda mimi. Watu wakashika vichwa, lakini mimi niliona jambo ambalo wao hawakuliona: kwamba nilikuwa mtu pekee pale ambaye angeweza kusema naye bila kumwambia kitu. Oswaldo tu ndiye aliyekuwa hatarini, maana Kihispania anakielewa. Aliponiona nafungua mdomo alikimbia mpaka kwenye majani, akaziba masikio kwa glavu yake na kofia, akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti. Uwanja mzima ulimshangaa. Nilipomaliza maneno yangu Brandvold alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika. Nikarudi nikachuchumaa, nikaonyesha vidole viwili. Alikubali kabla sijamaliza kuvinyoosha.

Yule mnene aliupiga kwa chini, mpira ukaenda juu, juu kabisa, nyuma yangu. Nikatupa kinyago, nikakimbia kichwa kikiwa angani, nikauona unashuka karibu na uzio wa watazamaji. Nikagonga uzio kwa ubavu. Nikaanguka. Nilipofungua glavu, mpira ulikuwa umelala ndani yake: haukugusa chini, kwa hiyo yule mnene ametolewa na mechi imekwisha.

Sikuwahi kupata furaha kama ile, mama. Walinirukia wote, na Brandvold, huyo ambaye alikuwa akitazama ukutani, alininyanyua kama gunia na kuzunguka nami. Kisha akaenda moja kwa moja kwa kocha mbele ya timu nzima. Oswaldo alinitafsiria huku akilia kamasi. Brandvold alisema kwamba kama Eligio anapanda basi, basi na yeye akatiwe tiketi, na kwamba ametafuta mtu wa kuzungumza naye msimu mzima na leo amempata. Kocha Stroud alikuja akanishika mkono. Mbadala wangu ameshuka asubuhi hii, kijana mzuri tu, naye atakuwa msaidizi wangu. Basi limeondoka bila mimi. Nimelipungia mkono.

Bila shaka kila mtu alitaka kujua nilisema nini kule. Mwandishi wa gazeti la hapa aliuliza, nikamjibu kupitia Oswaldo kwamba nilimsimulia habari za mbuzi wetu aliyekula joho la padri. Leo gazetini kuna picha yangu na habari ya mbuzi. Wamefurahi sana.

Mireya, hapa soma polepole. Mama, hapakuwa na mbuzi. Niliutaja mwiko. Nilimwambia wazi, kwa maneno yake yote, kwamba hakuna aliyeupiga mpira wake tangu asubuhi na kwamba kila mtu uwanjani anajua. Nilimwambia naogopa kuliko yeye. Nikamwambia kesho nafukuzwa, kwamba mama yangu anataka nirudi, kwamba ameniombea kazi kwa mjomba kwenye mashamba ya chumvi, na mimi sitaki, mama, sitaki kuvuna chumvi, nataka kudaka mpira mpaka magoti yakatae. Nikamwambia kwamba nimeshindwa kumwambia mama hilo miaka miwili sasa kwa sababu sipendi kumwona mama analia, na kwamba naapa kwa mama yangu leo hatushindwi. Nilisema na mtu asiyeelewa hata neno, yale ambayo wewe unayaelewa na sijawahi kukwambia. Sasa nimekwambia. Unisamehe, na uniachie niendelee.

Jana tulipokaa kula, Brandvold alimtuma Oswaldo aniambie kwa nini alicheka. Alisema katika maneno yangu yote alielewa neno moja tu, 'mama', na kwamba nililisema tena na tena. Akawaza kwamba mdakaji wake amekuja mpaka pale katikati ya watu elfu nne kumlilia mama yake, na mama yake Brandvold mwenyewe wakati huo yuko Dakota, amebana sikio kwenye redio na kusali. Akaona kumbe tuko wawili. Mkono ukaacha kufuta suruali.

Kwa hiyo wakikuuliza sokoni ni nani aliyemtuliza yule Mmarekani, usione haya. Waambie ni wewe.

Nisalimie baba na Don Fello, wote wawili kwa wakati mmoja ili wasigombanie salamu. Mjomba mwambie asante, na kazi ampe mwanawe. Mireya, nakubusu, nawe umpe mama maji anywe. Naomba baraka zako tena, mama.

Mwanao anayekupenda,
Eligio