Kilomita Sita za Theluji

Hayes, London
Jumapili, 22 Februari 2004

Kaka yangu Telesphor,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Valeria na watoto, na ziwakute mnakula na kulala vizuri. Nauliza mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoteleza pale ghalani, na kama kahawa ilinusurika na mvua ya mawe aliyonisimulia wifi kwenye simu. Mimi mwili hauna neno, isipokuwa kiwiko cha kulia kimevimba na kuandika kunakwenda polepole. Uvimbe huo una habari yake, na habari hiyo siwezi kuisema kwa simu, maana kwetu simu ya mmoja husikilizwa na nyumba nzima.

Nilikwisha kukutajia Mama Vasanti wa Kenton, bibi ninayemhudumia mchana. Kazaliwa Mwanza, mumewe akauza vitambaa pale Bukoba mjini, wakaondoka miaka ya sabini. Magoti yake yamekwisha, lakini Kiswahili chake kiko palepale. Wajukuu wake wanakisikia kidogo na kujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo tukibaki wawili tunazungumza mpaka chai inapoa. Nikirudi Hayes jioni, wapangaji wenzangu wako shifti uwanja wa ndege. Najua kama wapo au hawapo kwa kuangalia viatu mlangoni. Zipo wiki ambazo jina langu Restuta nalisikia kwa Mama Vasanti tu, na Jumapili silisikii kabisa.

Sasa mwezi huu mwanawe, Kailash, aliamua kuipeleka familia Uswisi kwenye theluji, akaniomba niende nao ili mama yake asibaki peke yake hotelini. Nikapata viza bila taabu, tukapanda ndege. Najua hapo umesita na unajiuliza kuhusu pasipoti yangu. Nakuomba usiache kusoma, nitafika huko.

Siku tatu za kwanza wenzetu walikuwa wakiondoka asubuhi kuteleza, mimi na Mama Vasanti tukibaki dirishani. Theluji ya kule si hii ya London inayogeuka tope kabla hujaiangalia. Ile inafunika mpaka waya za uzio, na inameza sauti. Siku ya nne Mama Vasanti akasema amechoka kunitazama nikimtazama. Akamwagiza Kailash anichukue kwenye sleji. Hicho ni kiti kifupi cha mbao kilichokaa juu ya vyuma viwili vilivyopinda mbele. Unakikalia, unashika kamba, mlima unafanya kazi iliyobaki. Treni inawapandisha hadi juu, na njia ya kushukia inapita msituni kilomita sita, kama kutoka nyumbani hadi parokiani na kurudi.

Kailash alinielekeza kwamba ukitaka kukata kushoto ukanyage kwa mguu wa kushoto, na ukitaka kupunguza mwendo ukanyage kwa visigino vyote viwili. Kisha akamkumbatia binti yake mbele yake, mkewe akampakata mdogo, wakashuka. Kila sleji niliyoiona ilikuwa na watu wawili. Mimi nilingoja wote wapite ndipo nikaanza.

Mwanzoni nilikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Watoto wa miaka sita walinipita wakiimba. Mama mmoja alipunguza mwendo akaniuliza kitu kwa lugha yao, nikamtabasamia, akaenda zake. Baada ya hapo msitu ukanyamaza, nikawa sioni mtu mbele wala nyuma. Nikafikiria kwamba nikiingia korongoni hapa, wa kwanza kuuliza niko wapi atakuwa bibi wa Kihindu asiyeweza kutembea. Basi nikainua miguu.

Usinielewe vibaya, Kaka. Sikutaka kufa. Nilichoka kujizuia tu. Upepo ulinitoa machozi, kona ya kwanza ikanipita, ya pili ikanipita, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba sikuwaza kitu chochote. Kona ya tatu sleji ilikwenda kulia, mimi nikaenda kushoto. Nilizama kwenye theluji hadi kifuani, mkono umekunjwa chini yangu, mdomo umejaa baridi, nikajisikia ninaita, "Taata. Taata." Sijui niliita mara ngapi. Sikuwa nimemlilia Baba hata siku moja kabla ya hapo. Nililia mpaka mguu mmoja ukafa ganzi, kisha nikajikwamua, nikashuka kwa miguu njia yote iliyobaki.

Mama Vasanti aliponiona alidhani nimevunjika. Alinishika mkono akaufunga kwa mtandio wake. Akaniuliza nimemlilia nani, maana macho ya kuumia kiwiko hayawi vile. Nikamweleza yote. Akauliza, "Kaka yako anajua?"

Nikasema hajui.

"Mimi nilikaa na maneno yangu miaka thelathini, mwanangu. Wote niliotaka kuwaambia wamekufa. Wewe bado unaye mmoja. Mwandikie."

Ndiyo ninaandika.

Kaka, Baba alipofariki Novemba niliwaambia nakuja, mkaahirisha maziko siku mbili mkinisubiri. Kisha nikapiga simu kwamba pasipoti yangu imekwama ofisi ya uhamiaji. Ulinipa pole. Ulisema serikali za watu ni ngumu, nisijilaumu. Pasipoti ilikuwa mkononi mwangu nilipokuwa nikikusikiliza. Ilikuwa imerudi tangu Septemba. Nilikupigia nikiwa uwanja wa ndege, sanduku langu limeshapakiwa, na jina langu likitangazwa.

Wiki mbili kabla ya hapo Baba alikuwa amenipigia kutoka kwa jirani. Nilikuwa ninamwogesha Mama Vasanti. Baba aliniuliza nakuja lini, nikamwambia Krismasi, kama nilivyomwambia miaka mitatu mfululizo. Akauliza, kwa upole tu, "Unakuja kuniona, au unakuja kunizika?" Nikamjibu kwamba niko kazini, asinisumbue kwa maneno ya namna hiyo. Nikakata simu. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Pale mlangoni pa ndege miguu ilikataa. Niliona nikipanda nitakuwa nimemjibu swali lake. Nikakaa kwenye kiti mpaka wakafunga mlango, wakalitoa sanduku langu, nikarudi Hayes kwa basi. Ninyi mkamzika bila mimi, na mkaniombea kwa sababu ya uongo.

Sijui utaupokeaje ukweli huu. Ukikasirika, ni haki yako. Umemuuguza Baba, umemzika, na umenitetea mbele ya shangazi bila kujua unatetea nini. Ninachoomba ni kwamba uwaambie ndugu wengine wewe mwenyewe, au uniachie niwaambie nikifika.

Maana ninakuja. Nitaingia Bukoba kwa meli kutoka Mwanza Jumamosi tarehe 17 Aprili, wiki moja baada ya Pasaka. Sitapiga simu kubadilisha. Usipokuja bandarini sitalalamika, nitafika nyumbani mwenyewe. Ila niandikie jambo moja: ni upande upi wa kibanja, kule migombani, mlikomlaza, nisije nikapita juu yake nikienda kumtafuta.

Msalimie wifi, na umwombe asisome barua hii kabla hujaimaliza wewe. Wabusu watoto. Wagonjwa wapone, na waliolala wapumzike kwa amani.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Restuta