Taa Hazikula Chaji

Baba Kipchumba,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu wengi wao wanakaribia kununua gari la umeme kama lile letu, na wewe huwezi tena kuwaambia.

Unakumbuka siku lilipofika hapa kwetu Kiplombe? Jeupe, kuukuu, limetumika Japani mpaka likachoka, ndipo likawa bei yetu. Mimi nilitoa mahindi yote ya stoo, wewe ukauza ile Probox yako ya petroli. Mzee Barasa, jirani yetu, akainama kutafuta bomba la ekzosi, akakosa. "Hii gari haipumui, bwana. Mmeuziwa maiti." Ulicheka mpaka ukaegemea boneti. Ulisema petroli imekula ujana wako, haitakula uzee.

Maandishi ya skrini yalikuwa ya Kijapani matupu. Aliyetuuzia kule Mombasa alisema tutazoea. Hatukuzoea, tulikisia. Namba tuliyoielewa ni ile ya kilomita zilizobaki: themanini asubuhi, betri ikiwa imejaa. Kwenda mji mdogo wa Ziwa na kurudi na abiria ilikuwa zaidi ya sitini. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Mjini pa kuchajia palikuwa kwenye maegesho ya hoteli moja kubwa, na askari wa getini alikuuliza, "Mzee, wewe ni mgeni wa nani?" Hukurudi tena pale.

Basi tukabana matumizi kama tulivyobana nyumbani. Sisi ni watu wa koroboi na sola ndogo. Kwetu, taa ndiyo inayokula betri. Jioni ikianza kuingia ulizima redio, kisha ukazima taa, ukaendesha kwa mwanga uliosalia angani. Hita hukuzima. "Mama Kipchumba," uliniambia, "mtoto akikohoa kwa baridi ndani ya gari langu, kesho mama yake atapanda la mwingine." Niliona una akili ya biashara.

Jioni ile ya Julai ulikuwa umeshusha abiria wa mwisho. Trekta lenye trela likakata kona kuingia shambani, trela likakuingia mlango wa kulia. Dereva alikuja matangani, akasimama mbali na watu, kofia mkononi. "Mama, sikuona taa. Sikusikia injini. Ningejuaje kuna mtu?" Nilitaka kumchukia. Nimejaribu, nimeshindwa.

Gari liliporudi kutoka gereji, mlango mpya mweusi, nililiegesha uani nikawasha taa zote. Nikaketi humo saa nzima nikiitazama ile namba. Haikushuka hata moja. Nikazima taa, nikawasha hita, nikaketi saa nyingine. Zilipotea kilomita kumi na tano. Niliketi pale mpaka Kipchumba akaja kunifungulia mlango.

Juzi kulikuwa na mkutano mjini kuhusu magari haya. Kijana wa suti alisema kodi ikipungua, gari la umeme litakuwa la kila mtu. Nikasimama. "Na wa kutufundisha kulitumia, naye atakuwa wa kila mtu?" Akatabasamu. "Mama, hayo ni mambo madogo, yatafuata." Watu wakampigia makofi. Sipingi bei kushuka, mimi ni mfanyabiashara. Lakini tajiri hununua jipya, akapewa na fundi wa kumweleza kila kitufe. Sisi tunapata kilichobaki, pamoja na giza lake.

Betri imechoka, na mpya ni ghali kuliko gari lenyewe, kwa hiyo nimeliuza. Mnunuzi ni mwalimu kutoka mtaa wa Pioneer, kijana, mkewe ana mimba. Alizunguka mara mbili, akauliza, "Mama, mbona mlango huu ni mweusi?" Nikamwambia yote. Nilidhani ataondoka, akasema, "Nionyeshe."

Nikamketisha mahali pako. Nikamtaka awashe taa jua likiwa utosini, nikamwambia aangalie ile namba mpaka achoke. Kisha hita. Alipoona kilomita zinavyoshuka alishika usukani kwa mikono miwili. Kwenye kitufe cha taa nilibandika karatasi ya gundi, nikaandika kwa Kiswahili: USIZIME. Ndipo nikampa funguo.

Aliondoka saa saba mchana, taa zinawaka, bila sauti. Mzee Barasa akapaza sauti kutoka kwake, "Mwambieni amesahau taa!"

Nilisimama getini nikazitazama mpaka zikakata kona.

Pumzika, mume wangu. Baridi bado ni ile ile.

Mkeo,
Mama Kipchumba