Hakuna Aliyeifungua

Jumatatu, 2 Juni

Imezima. Tena! Nilikuwa dakika ya arobaini na moja ya kikao kilichorekodiwa, mpangaji anaeleza jinsi mwenye nyumba alivyomtolea vitanda nje huku mvua inanyesha — mara pu, kioo cheusi. Nikaona uso wangu mwenyewe humo. Uso wa mtu wa kuzua ugomvi.

Laptopu ina miezi saba. Waranti ni ya mwaka mzima. Na nimeitunza kama yai! Baraza la wapangaji linataka vikao vyote kumi na viwili viwe vimechapwa neno kwa neno ifikapo Ijumaa tarehe 20. Nikifikisha, napewa mkataba wa kudumu. Nisipofikisha, wanamchukua yule mwenzangu mwenye kompyuta mbili. Mkataba huo nautaka kuliko wanavyodhani. Kuliko anavyodhani mtu yeyote humu ndani.

Mume wangu kasema niipumzishe kidogo. Niipumzishe — kwani ni punda? Kisha akahamia kwenye kiti kinachocheza, akakunja karatasi mara nne, akaing'ata mkunjo ulale, akaichomeka chini ya mguu. Ufundi wake unaanzia hapo na kuishia hapo. Nyumba hii imesimama kwa vikaratasi vya huyu bwana: meza, kabati, dirisha la jikoni. Siku akichoka kung'ata tutaangukiwa na paa.

Jumanne, 3 Juni

Dukani. Foleni ya saa nzima, viti vitatu, watu kumi na tano. Meneja nimempa jina: Bwana Sera. Kila akifungua mdomo ni sera ya kampuni. Sera ya kampuni tunaipokea. Sera ya kampuni tunaichunguza siku saba za kazi. Nadhani hata chooni anakwenda kwa sera.

Akauliza kuna mtu aliyeifungua? Hakuna. Fundi wa mtaani labda? Hakuna! Nyumbani je? Nyumbani tupo mimi na mume wangu, na yeye hata rimoti inamshinda. Akaandika kitu, akafunika kwa mkono kama mtoto kwenye mtihani.

Nimesikiliza waongo miaka minne kwenye hedifoni. Mwongo humeza mate kabla ya neno la kwanza. Kunasikika kabisa, kule kumeza. Bwana Sera alipoahidi kunipigia simu, alimeza.

Ijumaa, 6 Juni

Hakupiga. Nimepiga mimi, mara nne. Muziki, muziki, muziki, halafu binti mmoja mwenye sauti ya usingizi: inashughulikiwa. Na nani? Na wahusika. Wahusika ni akina nani? Akakata.

Wifi yangu ameniazima kompyuta yake ya zamani, pamoja na hotuba ya jinsi ya kuifuta vumbi. Herufi A haifanyi kazi mpaka uigonge kwa nguvu. Ajaribu mtu kuandika Kiswahili bila A! Kidole kimevimba. Kikao kimoja kwa siku mbili — kwa mwendo huu tarehe 20 itanikuta nusu ya njia.

Mezani nimemweleza mume wangu jinsi wale watu wanavyomtafuta mchawi nyumbani kwangu, eti tumeifungua. Akanywa maji. Akasema watu wa maduka ndivyo walivyo, usijitie presha.

Huyu naye. Nyumba ikiungua atasema ni joto la msimu.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimepiga kelele hadharani na sijutii.

Bwana Sera kasema stika ya muhuri chini ya laptopu imebanduliwa na kubandikwa upya, kwa hiyo waranti imekufa. Ila kwa kunijali, wanaweza kunipa iliyotumika, iliyorekebishwa. Yaani nilete yangu mgonjwa, niondoke na ya marehemu!

"Nataka mpya," nikamwambia. "Aina ileile, ndani ya sanduku lake."

"Mama, sera ya kampuni—"

"Basi niandikie hiyo sera, uweke sahihi yako, uandike umekataa kwa sababu gani."

Hataki kusaini! Anamwaga maneno siku nzima, lakini kalamu anaiogopa. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna upande wangu. Mzee mmoja mwenye pasi mkononi akasema mpe mama haki yake. Hapo nikapata nguvu za bure. Nikainua mkono, nikaapa mbele ya wote: hakuna aliyeifungua. Kama kuna aliyeifungua, ifunguliwe mbele yangu nione!

Akatabasamu. Lile tabasamu sikulipenda. Akasema sawa, fundi ataifungua Jumatatu, mama akiwepo.

Vizuri sana. Nitakuwepo.

Alhamisi, 12 Juni

Barua niliyowaandikia jana usiku imefanya kazi! Makao makuu wamepiga wenyewe. Masharti yao nimeyachapa na kuwarudishia ili wasije wakageuka: ikifunguliwa na kukutwa haijaguswa, napewa mpya palepale.

Nikamwambia mume wangu. Nilitegemea hata pongezi. Akasema kwani lazima waifungue? Si uchukue tu hiyo iliyorekebishwa, yaishe. Kugombana na makampuni ni kujichosha.

Mwoga tangu tumboni mwa mama yake. Miaka kumi na moja kila kitu ni yaishe, yaishe. Na hakuna kilichokwisha.

Jumatatu, 16 Juni

Nitaandika taratibu.

Saa nne asubuhi. Meza yenye taa kali, fundi wa makamo, mpole, miwani imefungwa gundi. Bwana Sera pembeni na simu ya kupigia picha. Mimi mbele, mkoba kifuani, nimevaa gauni langu la kazini ili waone ni nani wanayemchezea. Fundi akatoa skrubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa. Akainua mgongo wa laptopu.

Karatasi.

Chini ya tundu la chaji. Imekunjwa mara nne. Imeungua pembe moja, imekuwa kahawia. Na kwenye mkunjo — alama za meno.

Fundi akaeleza kwa upole, kama daktari: tundu lilikuwa limelegea, mtu akalikaza kwa karatasi ili lisicheze. Lingefanya kazi muda kidogo. Ila karatasi imezuia hewa, ubao wa saketi umeungua. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa natazama yale meno. Jino la mbele lililopinda. Nalijua jino hilo kuliko ninavyolijua langu.

Bwana Sera akaikunjua. Alikuwa na furaha kama ya mtu aliyeokota pesa. Akaanza kusoma kwa sauti, foleni yote isikie kwamba mama mwenye viapo ni mwongo:

"Nikipata mkataba wa kudumu nitapanga chumba kimoja tu, chenye dirisha. Nitaondoka asubuhi akiwa kazini. Sitamwambia, maana atasema yaishe, na mimi ni—"

Akameza mate, na safari hii hakuwa anadanganya. Akaikunja ilivyokuwa, akanipa kwa mikono miwili.

"Hii ni yako, mama."

Mwandiko wangu. Wino wa zambarau, wa mwaka jana. Aibu hii! Nimeapa mbele za watu, mkono juu, na ushahidi wote umeandikwa kwa herufi zangu mwenyewe.

Nilijiandaa kwa sera. Badala yake Bwana Sera akaongea chini chini, mtu wa kawaida kabisa. Mpya haiwezekani, hilo nilielewe. Lakini ubao watabadilisha na laptopu nitaipata kesho. Sharti moja: aliyeifungua aje mwenyewe asaini kwamba ni yeye. Kesho, kabla ya saa sita mchana.

Nimekubali. Nifanyeje? Nimechapa vikao saba tu.

Nyumbani mume wangu akauliza wamesemaje. Nikasema bado wanaangalia. Nikajisikia nikimeza.

Jumanne, 17 Juni

Saa tatu asubuhi. Mume wangu anaoga, nasikia maji.

Nimeteremsha sanduku la madaftari yangu kutoka juu ya kabati. Daftari la mwaka jana limekatwa kurasa kumi na moja, kwa wembe, taratibu, karibu kabisa na mshono. Ndiyo maana sikugundua. Mtu mwenye haraka hachani hivyo.

Nikachomoa karatasi ya dirisha la jikoni. Ni siku niliyoandika kuhusu mama yake. Ya kiti: siku ya mazishi ya baba, nilivyomchukia mume wangu kwa kutolia. Ya kabati imelowa, haisomeki. Nikachomoa ya meza hii. Mstari mmoja tu: Leo amenichekesha, nikakasirika kwamba bado anaweza.

Hivi alizisoma? Au alihitaji karatasi tu, akachukua iliyo karibu? Kama alizisoma, amelala kando yangu mwaka mzima akijua naondoka, na bado akanikazia tundu la chaji ili kazi isisimame. Kama hakuzisoma — basi kwake mimi ni cha kuzibia mguu wa kiti. Sijui nataka lipi. Nimekasirika hata sijui nimkasirikie nani.

Maji yamefungwa. Anakuja.

Ameketi mbele yangu na taulo shingoni. Naandika, sijainua macho. Ameweka kikombe, meza ikayumba, chai imemwagika. Ameinama kutazama mguu. Amekaa kule chini muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Sasa ameinuka. Hatazami mguu tena. Anatazama daftari hili chini ya mkono wangu. Amevuta glasi, amekunywa maji.

Ameniuliza kama nina karatasi.