Wimbo wa Tomasi Haukuwa wa Kucheza

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Nakusalimia kwanza kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea, hasira iwepo isiwepo. Barua hii naiweka mtandaoni, kila mtu aisome, maana simu yako siku hizi inapokewa na binti mmoja mwenye sauti ya kubembeleza anayeniuliza, "Naongea na nani, na ni kuhusu shoo?" Nimeshamwambia kuwa mimi ni Deo, mdogo wake Skola, tumezaliwa tumbo moja. Anasema atafikisha ujumbe. Ama hajaufikisha, ama umekufikia ukaukalia.

Wanaosoma hapa wanakujua wewe ni staa, mimi hawanijui. Nina kibanda karibu na stendi hapa Sumbawanga, naweka nyimbo kwenye simu na flashi za watu. Wanaoleta mahindi mjini hawana bando la kuchezea, wanakuja kwangu wanarudi vijijini na muziki wao mfukoni. Kwa kazi hiyo nimezisikiliza nyimbo zako kuliko mtu yeyote, pengine kuliko wewe mwenyewe. Na hata kabla ya kibanda nilikuwa shabiki wako, tangu ukiimba kwaya ya watoto, mimi nimekaa benchi la nyuma nawasumbua wenzangu: "Mnamwona yule? Dada yangu yule."

Kwa hiyo leo nakwambia ninavyoziona albamu zako na maprodyuza wako, na utasikia mpaka mwisho.

Ya kwanza uliirekodi kwa Bosko, mpiga kinanda wa parokia, kwenye chumba chake cha uani, mtaa wa pili na kwetu pale Izia. Alitundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, na bado jogoo wa jirani anasikika kwenye wimbo wa tatu. Bosko alitaka mrudie. Ukamwambia, "Mwache, naye anaimba." Ukacheka, na kicheko chako kimo humo mpaka leo. Albamu ile ina makosa. Besi unaitafuta huioni, na nyimbo mbili za mwisho huwezi kuzitofautisha. Lakini kila neno lako linasikika, hata pale Kifipa chetu kinapochungulia ndani ya Kiswahili chako. Bosko alijua kitu kimoja ambacho waliomfuata hawakukijua: alijua wakati wa kuacha kupiga.

Humo ndimo ulimo "Usisinzie".

Wanaoucheza hawajui ulikotoka, basi niwaeleze, na wewe usikie tena. Tulikuwa bado tunaishi kijijini Mwazye. Kaka yetu Tomasi alikufuata wewe, mimi nikamfuata yeye. Msimu wa mvua homa ikampanda, Baba alikuwa mbali kwenye vibarua, na kwenye tope lile hakuna gari lililopita. Mama akambeba mgongoni kwa vitenge viwili akashika njia ya zahanati kwa miguu. Mimi nilikuwa mchanga, nikaachwa kwa bibi. Wewe ulimfuata Mama nyuma, umemshika Tomasi mguu asiteleze. Ni wewe uliyenisimulia haya, nilipopata akili.

Mama aliogopa mtoto akilala hataamka. Akawa anamwimbia njia nzima, kwa Kifipa, maneno aliyoyatunga palepale: usisinzie Tomasi, mto tumeshauvuka; usisinzie Tomasi, ile ni mikaratusi ya zahanati; usisinzie, tunafika. Wewe nyuma unaitikia. Mlipofika, nesi akamfungua mtoto mgongoni, akamtazama, kisha akamtazama Mama. Ulinisimulia kwamba Mama aliendelea kuimba hata hapo, kwa sauti ya chini, kwa sababu hakujua anaachaje.

Tangu hapo aliuimba akiwa peke yake, akipepeta ulezi. Sisi tukiusikia tulikuwa tunapita mbali.

Ulipotaka kuurekodi ulimfuata ukamwomba. Nilikuwepo, napukuchua mahindi. Ulipiga magoti, Skola. Ukasema, "Mama, naomba niuimbe wimbo wa Tomasi." Mama alikuinua kwa mkono mmoja, nikadhani anakufukuza. Kisha akasema, "Uimbe. Watu wamjue kuwa alikuwepo. Ila jina lake usiliondoe."

"Siliondoi, Mama."

Bosko akaupigia gitaa moja tu, na kwenye ubeti wa mwisho hakupiga chochote. Mama alikuja kibandani kwangu kuusikiliza, amesimama, spika za masikioni juu ya kilemba. Ulipokwisha akasema, "Rudisha." Novemba ya mwaka ule, mwezi wa kuwaombea marehemu, sikupumzika. Mzee mmoja wa Kasense aliyefiwa na mkewe alitaka nimwekee huo peke yake kwenye flashi nzima. Nikamwambia nafasi ipo, nimwongezee nyingine za bure. Akasema, "Nyingine za nini, mwanangu?"

Albamu ya pili ulikwenda Mbeya, kwa Ambakisye. Nilibishana sana na wateja kuihusu, wengi walisema umejikweza. Mimi niliitetea. Ambakisye ni fundi wa gitaa, hilo halina mjadala, na mapenzi hujawahi kuyaimba vizuri kama mle. Ugonjwa wake ni kuogopa kimya. Kila unapovuta pumzi anaingiza kinanda, kana kwamba msikilizaji atatoroka. Na alikupandisha sauti juu mno, nikawa nasikia koo linavyokuuma. Lakini alikuwa anaheshimu maneno. Ulichoandika ndicho alichokirekodi.

Kisha ukaenda Dar es Salaam, kwa huyo mnayemwita Dokta.

Nitasema kweli ili nisionekane nina kijicho. Wimbo wa nne wa albamu ya tatu, ule unaomsema mume wako wa zamani, ngoma moja na sauti yako tu, ndio wimbo bora uliowahi kuuimba. Nilipousikia mara ya kwanza nilifunga kibanda kwa muda, nikawa sitaki mtu aniongeleshe. Kwa hiyo Dokta anaweza. Ndiyo maana yaliyobaki yananiuma. Nyimbo nyingine zote sauti yako imepitishwa kwenye mashine ya kunyoosha mpaka imekuwa laini kama ya binti yeyote wa tangazo la sabuni. Mfipa hayumo. Viitikio vinarudiwa mpaka mtu anasahau ubeti ulisemaje.

Na katikati ya hayo yote, "Usisinzie" mpya. Ya haraka, ya filimbi, ya makofi. Usisinzie beibe, chupa bado zimejaa. Usisinzie beibe, mpaka jua litukute. Palepale palipokuwa na Tomasi, kwenye sauti ileile anayopanda Mama, umeweka beibe.

Walioutaka niliwaambia sina. Wakaenda kibanda cha jirani. Mwezi haujaisha ukawa unapigwa stendi, saluni, kwenye bodaboda, kila mahali. Nyumbani nilikuwa nazima redio kila Mama akiingia. Nilimwambia imeharibika.

Mama akaja kuusikia kule Kasense. Tulialikwa sherehe ya komunio ya kwanza ya mjukuu wa shangazi, mchana baada ya misa, watoto wamevaa nyeupe, wali unapakuliwa. Mshereheshaji akaona afanye la kufurahisha watu. Akapaza sauti kwenye spika: "Jamani, tunaye mama mzazi wa staa wetu! Mama Skola, hebu njoo mbele, wimbo wa binti yako huu!" Wanawake wakamnyanyua kwa vigelegele wakampeleka katikati. Wimbo ukaanza.

Mwanzoni Mama alitabasamu kwa adabu, anadhani ni wimbo wako wowote tu. Kisha nikaona ameutambua. Watoto wa komunio walikuwa wanarukaruka kumzunguka, wanaitikia kwa nguvu zote, wanaujua mwanzo hadi mwisho. Mama amesimama, mikono ameishusha, anageuza kichwa kuelekea kwenye spika kama mtu anayesubiri kuitwa. Ubeti ukapita. Ukapita mwingine. Nikapenya nikamshika mkono nikamtoa.

Nje, upepo ule wa Juni unapiga, nikamfunga shali. Nikadhani atalia. Akaniuliza tu, "Wamemtoa?"

Nikasema, "Wamemtoa, Mama."

"Skola anajua?"

Nikamwambia hapana, ni prodyuza. Nikamwambia mambo ya Dar yako hivyo, msanii anaimba anachopewa. Nilikutetea, Skola. Siku ile na siku zilizofuata nilimlaani yule mtu niliyekuwa sijawahi kumwona, nikamweleza Mama kwamba walikushinda nguvu. Nilihitaji iwe hivyo.

Ulipokuja kwa shoo ya uwanjani ulipita nyumbani, ukiwa na Dokta na mpiga picha. Nitasimulia kama ilivyokuwa. Ulimkumbatia Mama huku unatazama kamera iko wapi. Dokta, kinyume na nilivyotarajia, alivua kofia mlangoni, akainama, akasema, "Shikamoo, Mama. Tumekuja kushukuru. Ule wimbo wako umetutoa." Akaomba Mama aketi uani na ungo, apepete ulezi, wampige picha za video.

Mama akamwangalia. Akasema, "Karibu, mwanangu. Tomasi mmemweka wapi?"

"Tomasi yupi, Mama?"

"Wa kwenye wimbo."

Dokta akageuka kwako. Hakuwa anaigiza, nilikuwa karibu naye kuliko wewe. Akasema, "Skola, lile jina? Si ulisema ni la kujazia tu? Mimi nilitaka libaki, nikakuuliza ni la nani."

Ukasema, "Dokta, tuyaache hayo."

"Ni la nani?"

Akajibu Mama. Alijibu kwa maneno machache, kama anavyojibu akiulizwa amezaa watoto wangapi. Dokta alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akamwambia mpiga picha azime kamera atoke. Akamwomba Mama msamaha, mara ya kwanza kwa Kiswahili chake cha mjini, kisha kwa kushika mikono yake miwili. Mtu ambaye nilimlaani miezi yote ile.

Na wewe ulisema, "Mama, watu wanaupenda. Ule wa zamani ulikuwa unasikilizwa hapa Ufipa tu. Huu nchi nzima wanauimba. Hakuna anayejua ni wa nani, kwao ni wimbo tu, haumdhuru mtu."

Mama akakuambia, "Hata wewe kwako ni wimbo tu?"

Ulitazama saa. Ukasema mnachelewa kujaribu vyombo uwanjani. Ukaenda kukaa garini, ukamwacha Dokta ndiye aage.

Nimelifikiria swali hilo la Mama kuliko ninavyotaka. Angekuwa amekulazimisha mtu, ningeendelea na wewe. Ungekuwa umesahau, ningesema njaa ya mjini inasahaulisha. Lakini uliulizwa jina ni la nani, na mtu aliyetaka kulihifadhi, na wewe, uliyekuwa umeushika ule mguu, ukasema ni la kujazia. Nadhani najua kwa nini. Nadhani kila ulipoliimba ulikuwa unarudi kwenye lile tope, shoo baada ya shoo, na ukachoka kurudi. Ungetuambia. Ungesema, "Mama, siuwezi tena wimbo huu," na Mama angekukumbatia kwa moyo wote, ukauacha ukapumzika. Hukuuacha. Ulimwacha Tomasi ukachukua wimbo.

Dokta amenipigia simu tangu hapo, kumjulia Mama hali. Yeye si ndugu yetu.

Mama hajambo. Ulezi mwaka huu umekubali, magoti yanamsumbua baridi ikizidi. Haimbi. Anapepeta kimya, na sisi hatujui tena wakati gani wa kupita mbali.

Albamu yako ya nne imetoka Ijumaa. Naona umebadilisha prodyuza, jina lake silifahamu. Watu wamejaa kibandani tangu asubuhi na ninawawekea, ndiyo kazi yangu. Leo kaja mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akanipa simu yake akasema, "Deo, nafasi haitoshi zote. Niwekee zile nzuri. Zipi humo?" Wewe unajua mimi huwa siachi mtu amalize swali kama hilo.

Nikamwambia, "Sijui, mama. Chagua mwenyewe. Mimi sijazisikiliza."

Baki salama huko uliko.

Mdogo wako,
Deo
Izia, Sumbawanga