Viganja vya Mjomba Jaji

Mjomba, leo mwaka umetimia tangu tukuzike, na kila nikikukumbuka naanzia kwenye kidole. Ulikuwa unamimina chai mezani. Ukaining'iniza ncha ya kidole ndani ya kikombe, na chai ilipokigusa ukaacha kumimina. Mkeo alikuwa anakata vitunguu, hakuona. Niliona mimi. Ndipo nikajua macho yako yameanza kukuaga na hutaki tujue.

Dada yako, mama yangu, amesema tangazo hili la kumbukumbu niliandike mimi kwa kuwa ndiye niliyekaa nawe siku nyingi. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo utanisamehe maneno yakipinda.

Ulikuwa fundi wa makochi. Mtu akileta kiti ulikibonyeza mara moja kwa kiganja ukasema, "Sponji imechoka upande wa kushoto. Nani analalia hapa?" Na mwenye kiti akacheka, kwa sababu kweli kulikuwa na mtu anayelalia pale. Lakini mtaa mzima ulikuita Jaji, kwa kazi yako ya pili, ile ya Jumapili, ya kuwa mwamuzi wa mbwa kwenye maonyesho.

Ulipenda teria, wale mbwa wadogo wenye ndevu, waliofugwa tangu zamani kuingia mashimoni kufukuza panya na mbweha. Ulijua nasaba zao kuliko ya kwetu. Mama alikuwa akisema, "Kaka, baba yake babu yetu aliitwa nani?" Nawe ukajibu, "Huyo hakuwahi kuingia maonyesho."

Ulinifundisha kuwanyonyoa. Unyoya wa teria ukikomaa hufa, na ukiuvuta kwa vidole hutoka wenyewe, mbwa hata hashtuki. Ukiukata kwa mkasi au mashine, mzizi wa zamani unabaki ndani, na koti lote linageuka laini kama pamba, rangi inafifia. Teria anatakiwa awe na manyoya magumu kama brashi ya viatu, mvua na miiba visifike kwenye ngozi. "Mashine ni uongo wa haraka," ulisema. Tulikuwa tunakaa barazani, Karani, teria wako, kalala juu ya meza kati yetu, tunavuta unyoya mmoja mmoja. Jirani akipita anauliza, "Jaji, huyo kuku mtamla na nini?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Huyu haliwi, huyu anaandaliwa kwenda harusini."

Kabla ya kumgusa mbwa wa mtu ulisugua viganja vyako mpaka vipate joto. "Hata wewe usingependa kushikwa na chuma," ulisema. Na aliyeshika mkia kwenye mashindano hukumwacha aondoke hivihivi. Ulimwinamia mbwa wake, ukamnong'oneza sikioni, ukamwambia mwenyewe, "Nimemwambia siri. Mwulize nyumbani." Watu walikuja wanataka kombe, wakaondoka hawana kitu na bado wanacheka.

Mimi hukunilazimisha kusema. Wageni wakiuliza mbona huyu binti haongei, ulijibu, "Nyumba hii ina redio mbili, mke wangu na dada yangu. Mwacheni Bi Kimya awe ukuta, na sisi tupate pa kuegemea." Sikuwahi kukushukuru kwa hilo. Nilikuwa nakaa nyuma yako uwanjani na karatasi za alama, na hapo tu ndipo sikuogopa watu.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Uliniomba nisimwambie mtu mpaka maonyesho yaliyokuwa yanakuja yapite. "Nitaamua kwa mikono," ulisema. "Macho huwa yananisaidia tu. Siku mikono itakaponidanganya, nitaacha. Sitaki mbwa wa mtu adhulumiwe kwa sababu ya uzee wangu." Nilikuamini, kwa sababu nilikwisha kuona mikono hiyo ikifanya kazi.

Asubuhi ya maonyesho ulinituma maji. Nyuma ya ukumbi, kwenye chumba cha kuogeshea mbwa, nilimkuta mwenye duka la vioo na teria wake mweupe, yule aliyekuwa anasifiwa na kila mtu. Alikuwa na mashine ya kunyolea mkononi. Manyoya yalikuwa yamejaa sakafuni, laini, yanaruka kwa upepo wa mlango. Kwenye meza palikuwa na chaki ya unga na kopo la dawa ya kugandisha nywele, ya kumpulizia mbwa ili koti lionekane gumu. Akaniangalia, akatabasamu. "Binti, wewe ni mtu wa maji tu, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikajaza ndoo yangu nikatoka.

Mwishoni walibaki wawili, yule mweupe na teria mwenye sikio lililochanika, wa muuguzi mstaafu. Ukasugua viganja. Ukampapasa mweupe mgongoni, ukarudia kinyume cha manyoya. Halafu ukaenda kwa yule wa muuguzi, na kombe ukampa yeye.

Ukumbi ukaguna. Mtu wa nyuma akasema, "Mzee haoni huyo, kampa mwenye sikio bovu." Mwenye duka la vioo akasema kwa sauti ya kusikika kote, "Jaji, hapa tunashindanisha mbwa, hatugawi sadaka." Wewe ulikuwa na sheria yako, kwamba jaji hatetei uamuzi wake uwanjani. Ukamjibu tu, "Mbwa wako ana mwendo mzuri, bwana. Mtunze." Nilikuwa hatua mbili nyuma yako, nimeshika karatasi. Nilikuwa na la kusema, na mdomo wangu ukakataa.

 Tulipofika nyumbani ulikaa barazani, ukamweka Karani mapajani, ukaanza kupapasa mgongo wake kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha ukaniuliza.

"Bi Kimya, wewe una macho. Yule mweupe nilimhisi laini chini, juu mgumu. Lakini ukumbi mzima umeona vingine. Labda vidole navyo vimezeeka, sponji imevila. Niambie kweli. Nilikosea?"

Nikasema, "Sijui, Mjomba."

Nilijua. Niliona aibu kwamba nilijua tangu asubuhi na sikukuambia kabla hujaingia uwanjani. Nikafikiri, nikisema sasa, utaniuliza nilikuwa wapi. Hivyo nikasema sijui, na wewe ukafikiri nakuficha jibu chungu kwa huruma. Ukatikisa kichwa taratibu. "Basi umenijibu," ukasema.

Kesho yake uliniita na karatasi. Macho hayakukuwezesha kuandika, ukanitajia maneno nikaandika mimi, barua ya kwenda kwa chama cha wafugaji wa mbwa. Ulisema, nami nikaandika: "Macho yangu hayanifai tena, na mikono imeanza kunidanganya. Naomba radhi kwa mwenye mbwa mweupe. Narudisha beji yangu." Uliniuliza kama "radhi" nimeiandika vizuri. Nikasema ndiyo. Nikaikunja, nikaipeleka mwenyewe kwa mguu, na njia nzima nilikuwa na nafasi ya kugeuka.

Baada ya hapo hukunyonyoa tena. Ulisema Karani ni mzee, hana haja ya urembo. Viti navyo ukawaachia mafundi wako. Ukawa unakaa na mikono juu ya magoti kama ya mtu mgeni, mpaka homa ya mapafu ilipokuja mwezi wa nne na kukuchukua kwa siku sita. Siku hizo sita nilikaa kando ya kitanda. Ulikuwa bado unasikia mpaka siku ya tano.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anaweka vikombe viwili. Unakumbukwa na dada yako, na wanao wawili na wake zao, na wajukuu wanaogombania nani alale na Karani. Mafundi wa karakana wanakukumbuka kila wanapobonyeza sponji na kubishana. Muuguzi mstaafu alikuja wiki iliyopita na kombe lile, akasema hana raha nalo, labda ulimwonea huruma. Nilimwambia akae nalo, akauliza kwa nini, nikainuka kumchotea maji. Hatutakusahau, Mjomba, siku zote tulizobakiza.

Mama aliniambia nimalizie hapo. Lakini wengi watakaosoma haya walikuwepo ukumbini siku ile na wakaguna, na barua yako iko chamani kwa mwandiko wangu. Nami sikukujibu ulipouliza. Nakujibu sasa.

Hukukosea, Mjomba. Yule mweupe alinyolewa kwa mashine, nilimwona. Mikono yako haikukudanganya hata siku moja. Aliyekudanganya ni mimi.