Mtu wa Gunia Hakuwa Baba

Kwa dada yangu Kaari, hapo Mitunguu.

Pokea salamu nyingi kuliko ndizi za shamba lako. Kifua kimepoa? Na jirani, bado mnagombania maji ya mfereji? Mimi huku Embu niko mgumu. Daktari wa hii zahanati ameniuliza, "Mzee, utalinda geti mpaka lini?" Nikamwambia mpaka yeye azeeke.

Kalamu inanisumbua, lakini simu nimeikataa. Yako inapiga kelele mpaka jirani anajibu, na haya maneno ni yako kwanza.

Uliponiambia wazee wa upande wa kijana wamekataa mjukuu wako Mwendwa aolewe kwao, eti hawachukui msichana wa nyumba ya gunia, hata chai ilinishinda. Wakati wa Hali ya Hatari wewe ulikuwa mgongoni mwa mama. Mimi nilikuwa na akili tayari. Mji wa Meru ulijaa askari wa mzungu, huendi hata sokoni bila pasi. Siku hiyo walitukalisha uwanjani, mistari mistari, wakaleta mtu amefunikwa gunia mpaka magotini, matundu mawili tu ya macho. Akitingisha kichwa mbele yako, unapandishwa lori la kizuizini. Baba hakuwa kwa mstari, alikuwa Timau kwa shamba la ngano, basi watu wakasema ndiye aliye ndani ya gunia. Alikana mpaka akafa.

Sasa sikia kazi ya kichwa changu. Jumanne, mwanamume mzima wa ndevu alikuwa anaingia getini. Akaona mama mmoja mzee anatoka, akaruka nje ya njia na kugeukia ua kama mtu amekanyaga siafu. Nikacheka. "Wewe una nini?"

"Mzee, si huyo ni mama mkwe wangu! Nitakutanaje naye uso kwa uso?"

Dada, kicheko kilinikauka. Yule wa gunia alifanya hivyo hivyo! Alisimama mbele ya kila mtu, lakini alipofika kwa mama mmoja wa jicho moja, aliyekuwa akiuza ugoro sokoni, aliruka kando na kumzunguka kwa nyuma. Askari akamsukuma arudi, akakataa. Miaka yote nilidhani aliogopa lile jicho. Hakuna polisi mwenye vyeti angeona hayo.

Kuna mama wa Kimeru, mkubwa kwangu, huja kupimwa presha kila Alhamisi. Huniita kijana. Nikamuuliza kama alimjua muuza ugoro wa jicho moja.

"Wewe kijana, unamtakia nini mama yangu?"

"Alikuwa na wasichana wangapi?"

"Mimi peke yangu."

Basi mkwe wa yule muuza ugoro alikuwa mmoja tu, mume wa huyu. Akaniuliza baba yangu alikuwa nani. Nilipomtajia, alikaa kwa benchi akafunika uso na leso.

"Mume wangu walimpiga siku tatu," akasema. "Siku ya nne wakamvisha gunia. Nilisikia watu wanamtaja baba yako, nikakaa kimya. Mume alipokufa nikahamia huku."

Nilikuwa na matusi ya huyo mtu tangu utoto, nimeyapanga vizuri. Yote yakanipotea. Nikamweleza tu habari ya Mwendwa. Akapangusa macho.

"Nipeleke kwa hao wazee, niseme mwenyewe. Saa hii namwogopa nani, mume?"

Tutafika Jumamosi ijayo. Waite wazee wa kijana wote, hasa yule aliyetaja gunia. Mimi nitaongea kidogo tu mwanzoni, usicheke. Huyu mama mkalishe karibu na wewe, kwa kiti chenye mgongo, na mtu asimuulize neno kabla hajala. Ana wajukuu pia. Jina la gunia limekaa kwetu miaka sabini. Mtu akijaribu kulihamishia kwao, atanijua. Nataka lizikwe hiyo Jumamosi, lisipewe mtu.

Nisalimie shemeji na mbuzi zake, mwanao mwalimu anayenisahihisha barua, na mke wake anayenificha sukari. Mwendwa mwambie aendelee kushonesha nguo ya harusi.

Ni mimi kaka yako mkubwa, mwenye macho ya mbali,
M'Thuranira